Bibi akiuliza mara ya thelathini, simu isaidie kujibu

Kuna jambo linalochosha nyumba yenye mzee aliyepoteza kumbukumbu kuliko kumwogesha, kumfulia au kumlisha. Ni swali dogo tu: "Leo ni siku gani?" Unamjibu, "Jumanne, mama." Baada ya dakika tano anauliza tena. Unajibu. Hujamaliza kuosha vikombe, swali limerudi.

Ikifika saa sita mchana limeulizwa mara thelathini. Dada anayekusaidia kazi ameanza kujibu kwa kununa. Mtoto wako wa darasa la nne, macho yakiwa kwenye katuni, anajibu kwa sauti ya juu: "Bibi, si nimeshakwambia!"

Hapo ndipo penye jambo, mzazi mwenzangu. Bibi atasahau jibu, lakini maumivu ya kufokewa yanaweza kubaki moyoni mwake hata baada ya kusahau nani alimfokea na kwa nini. Mchana mzima atakuwa mnyonge na hajui sababu. Mtoto naye hasahau. Anajifunza namna nyumba yenu inavyomsemesha mtu mzima akizeeka, na siku moja mtu mzima huyo utakuwa wewe.

Wiki hii tuzungumzie msaada mmoja ambao familia nyingi zimeanza kuuulizia: vifaa vinavyoongea. Ndugu walioko Ulaya au Marekani wanatuma spika janja, ile unayoiuliza swali ikajibu. Wengine wameona kwenye video mzee akikumbushwa kunywa maji na kisanduku kilichowekwa juu ya meza. Je, vinasaidia? Vinasaidia, tukivipa kazi inayovifaa. Kazi hiyo ni kurudia. Mashine hairudii kwa kununa, nasi tukipunguziwa marudio tunabaki na subira kwa yale ambayo mashine haiwezi.

Si ukaidi, ni ugonjwa

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita dimenshia, na aina yake inayoonekana zaidi ni Alzheimer. Si uzee wa kawaida, si laana, wala si uchawi. Ni ubongo unaoharibika taratibu, na mara nyingi kinachoanza kupotea ni kumbukumbu za karibuni. Ndiyo maana bibi anaweza kukusimulia mavuno ya mwaka aliozaliwa kaka yako mkubwa, lakini hajui kama amekunywa chai asubuhi hii.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani waliishi na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata kwetu si jambo geni. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 uliwahusisha watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Makadirio yake yalikuwa asilimia 6.4, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila 16 wa umri huo.

Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote, mpeleke mzee hospitali. Kuna matatizo yanayofanana na dimenshia lakini yana tiba: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, hata baadhi ya dawa anazotumia. Mpime masikio pia, kwa sababu asiyesikia jibu atauliza tena hata kama kumbukumbu yake ni nzima. Na kama mzee amechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, usingoje. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au ugonjwa mwingine unaohitaji daktari siku hiyo hiyo.

Spika janja na mipaka yake

Sasa tuje kwenye kile kisanduku. Spika ya kwanza ya Amazon, Echo, ilitoka mwaka 2014, na tangu hapo kampuni nyingine zimetoa za kwao. Uingereza mwaka 2019 ilitangaza kuwa Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, angesoma majibu ya kiafya kutoka kwenye tovuti ya huduma ya afya ya taifa. Kwa mzee anayeishi peke yake London, anayezungumza Kiingereza, mwenye umeme na intaneti muda wote, kifaa hiki kinaweza kumkumbusha miadi, kumpigia mwanawe na kumwekea muziki.

Nyumbani kwetu mambo ni tofauti kidogo. Alexa haongei Kiswahili. Bibi akimuuliza saa, atataja nane pale ambapo kwa bibi ni saa mbili asubuhi, na mtu aliyekwisha kuchanganyikiwa atachanganyikiwa zaidi. Umeme ukikatika au bando likiisha, kisanduku kinakaa kimya.

Kuna kikwazo kingine ambacho video hazikionyeshi. Ili kifaa kikusikilize, lazima kwanza ukiite kwa jina lake. Kukumbuka jina geni ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye ugonjwa huu. Tena akianza kusema, akasita kutafuta neno, kifaa huweza kudhani amemaliza na kumkatiza.

Siku hizi zipo pia programu za akili mnemba kwenye simu zinazozungumza Kiswahili. Zinaweza kumsaidia mlezi, kwa mfano kupanga ratiba ya wiki. Lakini usimwachie mzee azungumze nazo peke yake. Zinaweza kutunga jibu lisilo la kweli kwa sauti yenye uhakika, na yeye hana tena uwezo wa kulipima.

Iko pia suala la lugha ya kwanza. Wazee wengi wenye dimenshia hurudi kwenye lugha ya utotoni kadiri ugonjwa unavyosonga. Aliyeishi miaka 50 Dar es Salaam anaanza kujibu kwa Kihaya au Kipare. Sauti inayomfaa huyo haiuzwi dukani. Ipo kwa shangazi aliyeko kijijini.

Simu uliyo nayo inatosha

Habari njema ni kwamba huhitaji kununua kitu. Simu janja ya zamani iliyolala kabatini, hata kioo kikiwa na ufa, inaweza kufanya kazi nusu ya ile ya spika ya gharama, tena bila bando.

Anza kwa kuchunguza. Kwa siku tatu, andika kwenye daftari ni saa ngapi bibi huuliza sana na huuliza nini. Utashangaa kuona maswali yana ratiba yake. Asubuhi anauliza siku. Mchana anauliza watoto wako wapi. Jioni, jua linapoanza kushuka, wengi huingiwa na wasiwasi, wakatembea huku na huku na kusema wanataka kwenda nyumbani, hata kama wako nyumbani.

Ukishajua saa, rekodi jibu kwa programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye simu. Kisha fungua saa ya simu, weka alamu dakika chache kabla ya muda wa swali, na pale pa kuchagua mlio chagua rekodi yako. Simu nyingi za Android zinaruhusu hivyo. Unaweza kuweka alamu saba za asubuhi, kila moja na siku yake: ya Jumatatu iseme Jumatatu, ya Jumanne iseme Jumanne. Kwa kuwa alamu hujirudia mpaka izimwe, tafuta kwenye mipangilio ya saa pale pa kuifanya ijizime yenyewe baada ya dakika moja. Kama hakuna, awepo mtu wa kuizima.

Rekodi yenyewe ina adabu zake.

Anza na salamu. Sauti inayoingia kwa mzee bila shikamoo ni utovu wa adabu, hata ikitoka kwenye simu. Sema, "Shikamoo mama," kisha nyamaza sekunde tatu. Mpe nafasi ya kuitikia marahaba. Salamu ni kati ya mambo yanayodumu muda mrefu kichwani, na akiitikia ameshatulia kusikiliza.

Jitambulishe kwa uhusiano, usimtegee. "Ni mimi mwanao wa kwanza," na si "Unanijua mimi nani?"

Sema jambo moja tu, polepole. "Leo ni Jumanne. Chai iko mezani." Basi. Ukipanga mambo manne kwenye rekodi moja, hatashika hata moja.

Mwambie la kufanya, si la kuacha. "Kaa hapa kwenye kiti chako, nakuja jioni" humtuliza kuliko "Usitoke nje."

Sema kweli. Kama rekodi inasema uko jikoni na wewe uko kazini Kariakoo, atakwenda jikoni, akukose, na hofu itaongezeka.

Mwisho, asiyeonekana asiongee gizani. Sauti inayotoka mahali pasipo na mtu inaweza kumtisha mgonjwa, na majirani wakimkuta anaijibu watasema anaongea na majini. Tunajua maneno hayo yalikowafikisha baadhi ya bibi zetu katika nchi hii. Kwa hiyo weka simu mahali anapoiona, bandika juu yake picha ya mtu mwenye sauti hiyo, na siku za mwanzo keti naye inapolia. Mwambie, "Huyo ni mwanao, anakusalimu." Akishtuka siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, acha. Si kila mzee atakipenda kitu hiki, na hilo si kosa lake wala lako.

Kama hata simu ya ziada hakuna, redio ndogo ya memori kadi inasaidia. Jaza kwaya, kaswida au nyimbo za ujana wake. Muziki wa zamani hubaki hata pale majina ya watoto yanapopotea, na ukipigwa saa kumi na moja jioni unaweza kuutuliza ule wasiwasi wa machweo.

Dawa: sauti imwite mlezi

Hapa naomba umakini, kwa sababu hapa ndipo kifaa kinaweza kudhuru.

Wengi hufikiri alamu ya dawa ndiyo kazi bora ya simu. Fikiria inavyokuwa. Simu inasema, "Mama, meza dawa ya presha." Mama anameza. Dakika kumi baadaye amesahau kuwa amemeza, ila anakumbuka kwa mbali kwamba kuna dawa ya kumeza. Anameza tena. Simu haijui, kwa sababu simu inaweza kukumbusha lakini haiwezi kuona kidonge kikishuka kooni.

Kwa hiyo alamu ya dawa isimwite mgonjwa. Imwite mlezi: "Dada, muda wa dawa ya bibi umefika." Vidonge vikae kwenye kiboksi chenye vyumba saba vya siku za wiki, kabatini, na ufunguo awe nao mtu mmoja. Chumba cha Jumanne kikiwa kitupu, kila mtu anajua kuwa dawa ya Jumanne imeshatolewa.

Ni hivyo hivyo kwa jiko la gesi, geti na kisima. Hakuna sauti inayochukua nafasi ya kufuli na jicho la mtu.

Swali ambalo simu haipaswi kujibu

Kuna swali lingine litakalokuja siku moja: "Baba yenu yuko wapi? Mbona harudi?" Na baba alishafariki miaka mingi iliyopita.

Ukimwambia ukweli kwa mkato, "Baba alikufa," analia kana kwamba ndiyo msiba umeingia leo. Keshokutwa atauliza tena, nawe utamfisha tena. Ukimdanganya kuwa yuko njiani, atakaa mlangoni hadi usiku. Hakuna jibu moja linalofaa kila siku. Inabidi umtazame usoni. Huenda anamkumbuka tu, basi kaa naye, mwambie, "Umemkumbuka baba leo. Alikuwa anapenda nini?" Huenda ana njaa, au anaogopa, na jina la mumewe ndilo neno la usalama alilobaki nalo. Huenda leo yuko timamu na anataka ukweli, na anastahili kuambiwa huku ameshikwa mkono.

Mashine haiwezi kupima hayo. Hapo ndipo ile subira uliyoiokoa asubuhi inapohitajika. Kama umejibu "leo ni siku gani" mara thelathini kwa mdomo wako mwenyewe, jioni utakuwa umeishiwa, na swali hili zito litapata jibu la hasira. Simu ikikupunguzia hata mara kumi, umebaki na kitu cha kumpa.

Ndiyo maana pia nasema usitumie rekodi ya sauti ya marehemu kumtuliza, hata kama unayo kwenye WhatsApp. Atamtafuta nyumba nzima.

Mwombe ruhusa angali anaelewa

Kama ugonjwa uko mwanzoni, mhusishe mwenyewe. Muulize anataka sauti ya nani, nyimbo zipi, na kama anataka kifaa kabisa. Mzee aliyechagua mwenyewe hukipokea kifaa kuliko yule aliyewekewa tu. Ukishindwa kumuuliza sasa, mwaka kesho huenda asiweze kukujibu.

Kwa wenye spika za intaneti, kumbukeni kuwa kipaza sauti chake kinasubiri kuitwa muda wote, na maneno yanayosemwa baada ya kuitwa kwa kawaida hupelekwa kwenye mitambo ya kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ulinzi wa kwanza uko sebuleni kwako. Usikiweke chumbani anapovuliwa nguo na kuogeshwa. Namba ya siri ya pesa ya simu isitajwe mbele yake. Na usitumie kifaa kumsikiliza kwa siri dada wa kazi. Kama kipo, ajue kipo.

Wape watoto kazi

Nimemtaja mtoto wa darasa la nne aliyemfokea bibi. Usimchape wala usimhubirie. Mpe kazi.

Mweleze kwa maneno yake: "Kichwa cha bibi ni kama daftari ambalo kurasa za mwisho zimelowa. Ukiandika leo, maandishi hayashiki. Kurasa za mwanzo bado zinasomeka." Kisha mwambie awe mtangazaji wa nyumba. Yeye ndiye atakayerekodi tangazo la asubuhi: shikamoo bibi, leo ni siku fulani, mimi naenda shule, nitarudi saa tisa. Mtoto anayesikia sauti yake mwenyewe ikimsalimu bibi kwa upole kila asubuhi ataona haya kumfokea mchana.

Mpe na kazi ya pili, kwa ruhusa ya bibi. Arekodi kurasa zile za mwanzo zinazosomeka: jinsi bibi alivyokwenda shule, walivyopika enzi hizo, walivyomchumbia. Dakika tano kila Jumamosi. Siku zitakuja ambapo bibi mwenyewe hatazikumbuka hadithi hizo, nanyi mtamchezea kwa sauti yake, naye huenda akatabasamu akimsikia msichana huyo anayesimulia vizuri.

Dada wa kazi naye asisahaulike. Yeye ndiye anayeulizwa mara nyingi kuliko sisi sote tunaoondoka alfajiri. Mpe saa moja kila siku ya kutoka nje kabisa, mtu mwingine akae na mzee. Hakuna spika wala alamu inayoweza kumpa hiyo.

Jumapili hii, familia ikiwa pamoja baada ya chakula, fanyeni jambo moja tu. Chagueni swali ambalo mzee wenu huuliza zaidi, mtafute mwenye sauti anayoipenda, mrekodi jibu lake, muweke saa. Mjaribu kwa wiki moja na mwangalie uso wake kila simu inapolia. Akiitikia "Marahaba, mwanangu," endeleeni.